BOMBA LA VUMBI SI BOMBA LA MAJI

Ukipita karakana ya useremala Morogoro mjini, utamtambua fundi kwa nyusi zake. Ni nyeupe kwa vumbi. Jioni hujikung'uta, huoga, huenda nyumbani. Lakini vumbi alilolivuta kifuani halikung'utiki.

Maranda makubwa huanguka chini, nayo hufagiwa. Vumbi laini huelea hewani na kuingia mpaka mapafuni. Vumbi la mvule, mninga na mtiki huwasha macho, pua na ngozi. Wako mafundi ambao huwaletea pumu. Mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba vumbi la mbao huweza kuleta saratani, hasa ya pua.

Kwa hiyo karakana yenye mashine za umeme inahitaji feni ya kufyonza vumbi. Feni huvuta, mabomba husafirisha, pipa hupokea. Wengi huuliza nguvu ya feni tu, kisha hununua bomba lolote wanalolikuta dukani. Hapo ndipo fedha hupotea.

Kwanza tazama upana. Je, bomba la inchi 4 hubeba hewa mara mbili ya bomba la inchi 2? Hapana. Fanya hesabu hii: 2 mara 2 ni 4. Na 4 mara 4 ni 16. Basi bomba la inchi 4 lina nafasi mara nne. Bomba jembamba la maji halifai hata kidogo. Maranda yatalikaba siku ya kwanza.

Sasa chukua mashine mbili, kila moja na bomba lake la inchi 4. 16 na 16 ni 32. Bomba kubwa linalozipokea zote mbili liwe la inchi 6, kwa sababu 6 mara 6 ni 36. Lakini usizidishe upana ukidhani ndiyo salama. Bomba likiwa pana mno hewa hupunguza mwendo, na vumbi hukaa chini kama mchanga mtoni wakati wa kiangazi. Hewa inatakiwa kwenda kama mita 20 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kilomita 72 kwa saa, mwendo wa basi barabarani!

Sasa bomba la kitu gani? Wengi huchukua bomba la plastiki la inchi 4, lile la maji machafu. Ni laini ndani, linapatikana kila mahali, na fundi hulikata kwa msumeno wake mwenyewe. Ubaya wake ni huu. Vumbi likisugua plastiki huzaa umeme. Ukiligusa hukurusha, na cheche yake huweza kuwasha vumbi laini lililotanda kwa wingi. Tena msumeno ukigonga msumari uliofichika katika mbao kuukuu, cheche ya moto huingia bombani. Plastiki huyeyuka. Bati haliyeyuki kwa cheche hiyo.

Mimi ningechagua bati lililopakwa zinki. Huna haja ya kuagiza mbali. Fundi bati anayetengeneza ndoo, majiko na gata anaweza kulikunja. Mwambie geji 24 au 26. Kumbuka, namba ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene. Bati la paa la geji 30 ni jembamba. Feni yenye nguvu huweza kulibonyeza. Kama unakaa Kinole au Matombo, upande wa Uluguru wenye mvua nyingi kuliko mjini, usikubali bati jeusi lisilo na zinki. Kutu italila upesi. Tena beba bati likiwa bado bapa, likunjwe huko huko kijijini. Bomba lililokunjwa hubonyea njiani.

Mwambie fundi aunge kwa ribiti, wala si kwa skrubu ndefu. Ncha ya skrubu ikitokeza ndani hushika maranda. Kila kipande kiingie ndani ya kipande kinachofuata, kwa kufuata upepo unakokwenda. Mwite fundi umeme aunganishe mabomba na waya unaokwenda ardhini.

Mpira wa mikunjo tumia kipande kifupi tu, pale mashine inaposogezwa. Mikunjo yake huizuia hewa sana kuliko bomba laini la urefu ule ule. Sanduku la mbao silisifu. Vumbi hujaa pembeni, na lenyewe ni kuni.

Kona nazo zina gharama. Badala ya kona moja kali, weka mbili za kupinda polepole. Bomba dogo liingie katika kubwa kwa mshazari, kama kijito kinavyoingia mtoni.

Pipa liweke nje, chini ya kibanda, na mdomo wa kutolea hewa uwe na mfuko wa kitambaa. Jirani naye ana mapafu.

Kila Jumamosi zima mashine, kisha gonga bomba kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho. Likilia tupu, njia ni nyeupe. Likilia zito, vumbi limekaa. Fungua hapo.