Hati za kale: Funzo la moto wa Baghdad

HATI iliyoandikwa kwa mkono haina pacha. Kitabu kilichopigwa chapa kikiteketea katika mji mmoja, nakala nyingine huenda ikapatikana kwingineko. Lakini hati ya kale inapoangamia, hutoweka pamoja na maelezo ya pambizoni, mihuri ya walioimiliki na jina la mwandishi aliyeinakili.

Ukweli huu ulidhihirika nchini Iraq mnamo Aprili 2003, majeshi yaliyoongozwa na Marekani yalipouangusha utawala wa Saddam Hussein. Katika muda wa siku chache, jengo la Maktaba na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Baghdad liliporwa na kutiwa moto. Kwa mujibu wa Saad Eskander, aliyeteuliwa kuiongoza taasisi hiyo mwishoni mwa mwaka huo, takriban asilimia 60 ya nyaraka zilipotea, pamoja na asilimia 25 ya vitabu.

Jiji hilo halikuwa geni kwa msiba wa aina hiyo. Mnamo 1258, Wamongolia wakiongozwa na Hulagu waliiteka Baghdad, wakati huo kitovu cha elimu katika ulimwengu wa Kiislamu, na maktaba zake zikaharibiwa.

Hata hivyo, si kila kitu kilichopotea mwaka wa 2003. Hazina nyingine ya taifa, yenye hati karibu 40,000, ilisalimika. Siri yake haikuwa mitambo ya kisasa. Kabla ya vita kuanza, wasimamizi wakiongozwa na Osama al-Naqshabandi walizifunga hati hizo katika masanduku na kuzihamishia kwenye handaki la kujikinga na mabomu, magharibi mwa jiji. Wezi walipozagaa mitaani, wakazi wa mtaa huo walisaidia kuzilinda.

Nyaraka nyingine zilinusurika moto lakini zikalowa maji. Mnamo Mei 2003, vitabu na nyaraka za jamii ya Wayahudi wa Iraq vilipatikana katika orofa ya chini ya makao ya idara ya ujasusi, iliyokuwa imefurika. Karatasi ikilowa katika joto, kuvu huanza kuota baada ya siku mbili au tatu tu. Kwa sababu hiyo, shehena hiyo iligandishwa ili kuvu isiendelee kuenea, kisha ikasafirishwa hadi Marekani. Huko ilikaushwa kwa mitambo inayoondoa hewa na kuifanya barafu igeuke mvuke bila kwanza kuwa maji.

Wakati wa amani nako, maadui hawakosi. Unyevu, joto, mende na mchwa huzila hati kimyakimya. Aina fulani za wino zenye madini, pamoja na rangi ya kijani itokanayo na shaba, huitoboa karatasi polepole. Waandishi wa zamani waliitambua hatari ya wadudu, na baadhi yao waliandika kwenye ukurasa wa kwanza maneno “Ya Kabikaj”, wakiamini kwamba jina hilo lingewafukuza. Mafundi wa leo hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano kuziba matundu. Gundi hiyo huweza kubanduliwa kwa maji iwapo marekebisho yatahitajika baadaye.

Funzo la Baghdad lilijirudia Mosul, kaskazini mwa Iraq. Kundi la Islamic State lilipoteka mji huo mnamo Juni 2014, kasisi Najeeb Michaeel wa shirika la Wadominiko alikuwa amekwisha kuondoa sehemu kubwa ya hati za Kiarabu na Kisiriaki. Tangu 1990 alikuwa akiongoza kituo cha kuzipiga picha. Mnamo Agosti mwaka huo, wapiganaji walipozidi kusonga mbele, alikimbia na zilizosalia hadi Erbil. Maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Mosul haikubahatika. Iliteketea, na haikufunguliwa tena hadi 2022.

Picha za dijitali zina faida dhahiri. Msomaji aliye mbali huisoma hati bila kuigusa, na maneno yake hubaki hata asili ikiungua. Lakini picha haiwezi kuonyesha kila kitu kuhusu ngozi, wino na mshono wa jalada, mambo ambayo humwezesha mtaalamu kujua hati ilitengenezwa wapi na lini. Aidha, mafaili ya kompyuta nayo huharibika yasipohamishwa kila teknolojia inapobadilika. Picha hulinda maneno, bali haichukui nafasi ya hati yenyewe.

Suala hili linagusa pwani ya Afrika Mashariki pia, ambako Kiarabu na Kiswahili viliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimepigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Hati nyingi zaidi zingali katika makasha ya familia, karibu na chumvi ya bahari.

Zilizookolewa Baghdad na Mosul ziliokolewa na watu waliojua walichokuwa nacho, wakakiorodhesha na kukihamisha mapema. Waliongoja hadi moshi uonekane walikuta majivu.