Huyu Mtoto Amekimbia Wapi?

Sisi wanafunzi wa kutwa hapa Naitiri twajua kukimbia. Ukichelewa kutoka nyumbani, unashika kijia cha katikati ya mahindi, mkoba mgongoni, hadi langoni alipo mwalimu wa zamu. Hapo kifua kinapanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi. Kwa nini?

Siku moja nilijihesabu kwa saa. Kuvuta hewa na kuitoa ni pumzi moja. Nikiwa nimekaa tu nilipata pumzi 17 kwa dakika. Nikazunguka uwanja mara mbili mbio, nikapata 46. Nilipopumzika dakika kumi, nikarudi 18. Hivyo ndivyo mwili mzima ufanyavyo. Misuli ikifanya kazi hutaka oksijeni zaidi na hutoa kabonidayoksaidi nyingi. Ubongo ukihisi hewa hiyo chafu inazidi katika damu, huamrisha kiwambo kilicho chini ya mapafu na misuli ya mbavu viongeze kasi. Ukipumzika, pumzi inatulia.

Watoto wadogo hupumua haraka kutushinda hata wakilala. Mapafu yao ni madogo, na miili yao inayokua inahitaji oksijeni nyingi. Mtoto mchanga mwenye afya huvuta pumzi 30 hadi 60 kwa dakika, ilhali kijana wa umri wangu ni 12 hadi 20.

Sasa sikiliza yaliyotupata. Mwezi wa Mei mwaka jana, dada yangu wa miaka mitatu alikuwa na kikohozi. Saa mbili usiku alikuwa amelala mapajani pa nyanya, lakini anahema. Nyanya akasema, "Mwacheni, ameshinda akifukuza kuku." Mimi nikawaza: kama alikimbia mchana, mbona bado anahema? Nikachukua saa, nikamfunua kifua, nikahesabu dakika nzima. Pumzi 54! Nikarudia, 53. Mimi hufikisha 46 nikitoka mbioni, naye alikuwa usingizini!

Nilimwambia mama. Alimfunga mgongoni, tukapanda bodaboda hadi kituo cha afya. Muuguzi naye alihesabu, kisha akasema ni nimonia. Alitueleza kwamba mtoto mwenye kikohozi akiwa ametulia, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni hatari kwa umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Kwa miezi miwili hadi mwaka mmoja, ni 50 au zaidi. Alipewa dawa, na leo kuku hawana amani tena.

Wenzangu, dalili ya mvua ni mawingu. Hesabu dakika nzima, mtoto akiwa halii wala hanyonyi. Ukiona pia sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au anashindwa kunyonya, usingoje kuche. Mtoto mzima akihema, kuna sababu, na kuhema huko kuna mwisho. Akihema bila kukimbia, mpeleke hospitali.