Ukiambiwa "Mungu amesema", pima kwanza

Wasikilizaji wetu, kuna swali linalorudi sana katika ujumbe mnaotutumia: mtumishi akiniambia Mungu amemwonyesha niuze shamba, au niolewe na fulani, nitajuaje kama ni mapenzi ya Mungu kweli?

Biblia yenyewe haitutaki tuitikie tu. Katika 1 Wathesalonike sura ya 5, Paulo anawaambia waumini wasidharau unabii, na papo hapo anawataka wapime yote. Katika Matendo 17, watu wa Beroya wanasifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama mahubiri ya Paulo ni kweli. Ikiwa mtume alipimwa, mhubiri wa leo naye apimwe.

Onyo zito liko 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu alikatazwa kula wala kunywa huko Betheli. Nabii mzee akamwambia malaika ameleta agizo jingine. Ulikuwa uongo. Akamfuata, akala, na njiani akauawa na simba.

Na madhara hayako katika Biblia tu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwamo. Manusura walieleza kuwa waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Basi jiulize maswali manne:

1. Je, linapatana na Maandiko? Mungu hakutumi kudhulumu wala kuwaacha watoto na njaa.

2. Wengine wanasemaje? Paulo alipoona njozi usiku kule Troa, yeye na wenzake kwa pamoja ndio waliokata shauri kwenda Makedonia. Zungumza na mwenzi wako, wazee wa kanisa na ndugu wenye busara.

3. Nani anafaidika? Fedha za shamba zikiishia kwa aliyeleta ujumbe, simama hapo.

4. Je, unapewa muda? Gideoni aliomba ishara ya ngozi ya kondoo mara mbili, na Mungu hakumlaani. Anayekutisha kwa laana ili utume pesa leo hii, mwogope.

Kupima si kukosa imani. Omba, soma, uliza, subiri. Neno la Mungu litakuwa kweli hata kesho, lakini shamba likishauzwa, kulirudisha ni kazi.