Rangi Ikitoweka, Je, Maji Yamesafika?

Kanga mpya ikitiwa majini mara ya kwanza huchuja, na maji ya beseni yakawa mekundu au buluu. Maji hayo humwagwa, na hapa Maskati maji taka yanayopita kwenye mabomba ya mji hayatupwi yote. Husafishwa, yakatumika kumwagilia miti na maua ya kando ya barabara. Beseni moja halina madhara. Kiwanda cha nguo ni jambo jingine: baadhi ya rangi hazishiki vizuri kwenye pamba, na sehemu inayobaki majini yaweza kukaribia nusu.

Nili, rangi ya buluu waliyotilia nguo mafundi wa Bahla, mji wa hapa Oman, zamani ilitoka kwenye mmea. Rangi za leo ni za maabara, tangu William Perkin alipoipata zambarau yake London mwaka 1856, nazo hutengenezwa zistahimili jua, jasho na sabuni. Ugumu huohuo ndio unaowashinda bakteria wa mitambo ya maji taka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kule Al Khoud, wameushughulikia ugumu huo kwa mwanga. Huotesha vijiti vya oksidi ya zinki, vidogo visivyoonekana kwa macho, juu ya kitu kama kioo. Mwanga ukivipiga, elektroni huchomoka mahali pake. Maji na oksijeni vilivyogusana na vijiti hivyo huzaa haidroksili, chembe yenye uchu wa elektroni, nayo huirarua rangi. Vijiti vikiwa vimeshikamana na kioo, hakuna unga wa kuchuja baadaye. Ila oksidi ya zinki hutaka mionzi ya urujuanimno, ambayo ni kama asilimia 5 tu ya nuru ya jua, ndiyo maana watafiti huirekebisha inase na mwanga unaoonekana.

Maji yaliyokolea rangi huuzuia mwanga. Sauti, inayoweza kutumiwa pamoja na mwanga, haizuiliki hivyo. Mawimbi yanayopita mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio halisikii, huzusha viputo majini. Viputo hivyo vinapobomoka, joto ndani yake hufika maelfu ya nyuzi kwa kitambo kidogo sana, na maji yenyewe hupasuka yakatoa haidroksili ileile. Sauti pia husugua vijiti visizibwe na uchafu. Lakini hula umeme mwingi. Kwa nchi yenye jua kama Oman, naona jua liwe mfanyakazi mkuu na sauti iwe msaidizi.

Tuwe macho hapa. Katika rangi za azo, ambazo ndizo nyingi zaidi viwandani, kiungo cha nitrojeni mbili hukatika mapema. Kikikatika, rangi hupotea, lakini vipande vyake hubaki, na baadhi yake vyaweza kuwa amini, kemikali ambazo nyingine huweza kusababisha saratani. Maji huonekana meupe nayo yaweza kuwa bado na sumu.

Basi, ukionyeshwa glasi ya maji yaliyong'aa baada ya jaribio, uliza kaboni ya vipande hivyo iliyobaki ndani yake ni kiasi gani.