Insha Zisizo Kitabuni

Haya wajukuu, sogeeni. Mwalimu akiingia darasani aseme, "Insha ya leo haimo kitabuni, nendeni mkamuulize bibi," mtafurahi au mtanuna? Watoto wa vijijini Ayalandi waliambiwa hivyo mwaka 1937.

Tume ya ngano ya nchi hiyo, chini ya Séamus Ó Duilearga, ilikuwa na wakusanyaji wachache mno, na wazee walikuwa wakifa na hadithi zao. Basi ikawatuma watoto wa miaka 11 hadi 14 hivi, katika shule zipatazo 5,000. Seán Ó Súilleabháin akawaandikia walimu kijitabu cha mambo ya kuuliza.

Wakaleta nini? Visa vya siagi, kwanza. Ukiingia nyumba ya watu ukawakuta wanasuka maziwa, sharti nawe ushike mpini uwasaidie kidogo, wasije wakakudhania umekuja kuiba baraka ya siagi yao. Hata kaa la moto halikutolewa nje mpaka siagi ipatikane.

Wakaandika pia juu ya maboma ya udongo ya mviringo yaliyomo mashambani. Wenye elimu ya kale husema ni makazi ya wakulima wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wanakijiji walisema, hapana, humo wanakaa viumbe wasioonekana; jembe lipite kando! Tena chini yake kuna dhahabu. Mtu anaiota usiku tatu mfululizo, anakwenda kuchimba, mara fahali mkali anatokea, watu mbio. Dhahabu yenyewe haipatikani, na mimi naona ni afadhali, maana ingepatikana hadithi ingekwisha.

Lakini lipo na la huzuni. Mwaka 1845 viazi vilianza kuozea shambani, na njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja. Waliohojiwa walikuwa wamesimuliwa na wazazi wao walioiona kwa macho. Ndiyo maana mtoto aliweza kuandika: pale penye majani matupu palikuwa na nyumba kadhaa.

Kazi ilimalizika mwaka 1939. Insha zilizochaguliwa zilinakiliwa katika madaftari makubwa, nayo yako chuo kikuu Dublin, na kurasa zake zinasomeka kwenye intaneti. Mara nyingi chini ya insha limeandikwa jina la aliyesimulia, umri wake na kijiji chake, hata kama mwenyewe hakujua kusoma.