ILE JOKA YA BAHARI KATIKA KARATA IMETOKA WAPI?

Siku hizi kuko mabishano mengi katika mabweni juu ya karata moja ya mchezo wa Yu-Gi-Oh!, ile inayoitwa Levia-Dragon - Daedalus. Wengine wanasema ni jina la Shetani, karata itupwe motoni. Wengine wanajibu: ni picha tu. Sisi tunaona ni vizuri kwanza kujua imetoka wapi.

Mchezo huu ulizaliwa Japani. Kazuki Takahashi alianza kuchora hadithi zake mwaka 1996, na kampuni ya Konami ikaanza kutoa karata mwaka 1999. Kumbe kwa Kijapani joka hili halina neno "Levia" hata kidogo! Linaitwa Kairyu Daidarosu, maana yake joka la bahari Daedalus. Ile "Levia" iliongezwa katika Kiingereza, nayo imekatwa kutoka Lewiathani ya Biblia. Basi tunagombana kwa silabi tatu ambazo Wajapani hawakuziandika.

Hata hivyo tusome. Katika Yobu sura ya 41 Lewiathani ni mnyama asiyevuliwa kwa ndoana, naye anachemsha vilindi sawa chungu. (Segond, katika Kifaransa, anaandika pale "mamba".) Zaburi 104 inasema Mungu alimuumba acheze baharini. Ni kweli, Isaya 27 inamwonyesha kama adui ambaye Bwana atamwua kwa upanga. Lakini mwenye kusoma Isaya asiruke Zaburi.

Umbo lake ni jambo lingine. Majoka ya hadithi za Ulaya mara nyingi yana mabawa na yanatema moto. Hili lina mwili mrefu sawa nyoka, na maji ndiyo nyumba yake, kwa namna ya majoka ya Asia. Wajapani tangu zamani wanasimulia juu ya Ryujin, mfalme joka akaaye katika jumba chini ya bahari, mwenye vito vya kupandisha na kushusha maji.

Na sheria ya karata inafanana na hayo, hapo ndipo utamu ulipo. Joka lina nguvu 2600 za kushambulia na 1500 za kujikinga. Ni la daraja ya 7, kwa hiyo kwa kawaida unatoa wanyama wawili ndipo uliite. Kisha, kama una karata ya Umi mezani (umi ni bahari kwa Kijapani), unaipeleka kaburini, na karata zingine zote mezani zinaharibika, za mwenzako na zako pia. Joka linabaki peke yake. Ni sawa bahari imeinuka, imefunika nchi, kisha yenyewe imekauka. Mwenye haraka anajikuta maskini.

Na Daedalus? Huyo ni fundi wa hadithi za Wagiriki, aliyejenga kule Krete nyumba ya njia za kupoteza watu, na kutengeneza mabawa. Mwanawe Icarus aliruka juu mno, akaanguka baharini. Labda ni bahari ile iliyoleta jina. Hapo tunakisia tu.

Karata yenyewe tunaitunza sisi wasimamizi. Jumamosi baada ya ibada tutaiweka mezani pamoja na Yobu 41. Wanaotaka ichomwe waje pia, na Biblia zao.