Mkono Upitao Juu ya Utosi

Zamani, kabla vyeti vya kuzaliwa havijaenea, mtoto aliyepelekwa kuandikishwa darasa la kwanza Sumbawanga, kama kwingineko Tanzania, aliweza kuamriwa apitishe mkono juu ya utosi na kulishika sikio la upande wa pili. Aliyeshindwa aliambiwa arudi mwakani.

Kipimo hicho kina msingi. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Mikono hurefuka upesi kuliko kichwa, na aghalabu hulifikia sikio kwenye umri wa miaka sita au saba. Lakini kinachopimwa ni mifupa, si umri, wala si akili. Mtoto aliyedumaa huwa na mikono mifupi, hali kichwa chake kinakaribia ukubwa wa kawaida. Huweza basi kukataliwa ingawa miaka yake imetimia.

Kwa Ufipa jambo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nao ni mkoa uvunao mahindi kwa wingi! Ugali peke yake hushibisha, haujengi mwili ipasavyo. Maharage yapandwayo juu ya intumbila, yaani vile vichuguu vya udongo ambavyo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea, pamoja na dagaa wa Ziwa Tanganyika, ndivyo viujengavyo. Na kwa kuwa udumavu huanzia tumboni na hujikita kabla ya miaka miwili, sahani ya mama mjamzito ni matayarisho ya shule yanayotangulia daftari.

Elimumsingi bila ada ilianza kutekelezwa mwaka 2016, ila sare na madaftari bado humwelemea mzazi maskini. Huyahangaikia hayo, asijue thamani ya aliyokwisha kutoa. Mtoto atumwaye kwa jirani na maneno ya kufikisha huzoeza kumbukumbu. Atiaye mbegu shimoni kwa idadi aliyoambiwa amekwisha kuhesabu.

Tatizo ni kwamba pengine amehesabu kwa Kifipa, na darasani hukuta Kiswahili. Akinyamaza, hudhaniwa mzito, kama yule wa mkono mfupi alivyodhaniwa mdogo. Mwalimu amwekeaye punje za mahindi mezani na kumwacha azihesabu kwanza kwa lugha ya nyumbani hupata jibu jingine.